Kanyaga Tu, Yameshavunjika

"Bi Mfano ndiye nani?"

Keki aliuliza peke yake, chumbani, simu ya mumewe mkononi. Mumewe alikuwa bafuni anajimwagia maji, hasikii hili wala lile. Kwenye kioo cha simu ujumbe ulikuwa ndiyo kwanza umeingia:

"Leo usikose. Tumefika pazuri. Na ile ya juzi, mwenzangu, uliniliza mpaka nikaloa mtandio."

Akausoma tena, akairudisha simu palepale ilipokuwa na kuigeuza kifudifudi kama alivyoikuta. Kisha akachukua ya kwake, akatoka nayo hadi jikoni, akampigia dada yake.

"Dada, nimeshika kitu."

"Umeshika nini tena?"

"Ujumbe wa mwanamke. Amemsevu Bi Mfano."

"Mfano wa nini?"

"Mimi nitajuaje?"

"Hebu nisomee."

Keki akasoma kwa kunong'ona. Dada mtu akaguna mguno mrefu.

"Amemliza! Shemeji yangu huyuhuyu? Huyu ambaye siku ya harusi yenu alipewa kipaza sauti, akasema 'asanteni', akakaa? Huyu ndiye wa kuliza watoto wa watu?"

"Hapo ndipo panaponiuma, dada. Kwangu haongei. Kumbe huko nje anaongea."

Hapo jamani Keki hakuwa anasingizia. Mumewe alikuwa fundi wa lifti, na mtaa mzima ulimwita Kimya. Ukimsalimia anaitika, ukimuuliza anajibu, usipomuuliza mtaagana hivyohivyo. Keki alimpenda na ukimya wake. Yeye alikuwa mwokaji keki, jina la kazi likawa jina la nyumbani, na domo lake lilitosha watu wawili. Lakini mtoto wao alipozaliwa bila kulia, mambo yalibadilika. Keki alilia mpaka sauti ikakauka. Kimya akazidi kuwa kimya.

Halafu yakaanza mambo ya ajabu. Jioni anachelewa. Akirudi, anavua viatu nje na kuingia navyo mkononi. Mlango anaufunga kwa mikono miwili, polepole, utadhani kabeba bakuli la mchuzi. Na bawaba zote za nyumba kazipaka mafuta.

"Nilikwambia zile bawaba," dada akasema. "Mtu anayepaka mlango mafuta usilie, huyo ana safari zake. Sanduku umeshafunga?"

"Liko chini ya kitanda tangu wiki iliyopita."

"Chumba kwangu kipo. Lakini sikiliza, mdogo wangu. Usije kwangu na dhana. Mfuate leo, mfumanie, umwone huyo Bi Mfano kwa macho yako. Ukiondoka, uondoke umeshiba."

Keki akakata simu. Alijua kabisa kwamba leo ndiyo leo. Akimkuta na mwanamke, usiku huu halali tena katika nyumba ile.

Kimya akatoka chumbani, kavaa shati safi.

"Unatoka?"

"Ndiyo."

"Kazini?"

Akaviangalia viatu vyake. "Nitachelewa kidogo."

"Sijauliza kuchelewa. Nimeuliza kazini?"

"Chakula usiningoje, Keki. Kula."

Akachukua viatu mkononi, akatoka. Mlango haukutoa hata mlio. Keki akajifunga khanga begani, akahesabu pumzi chache, akamfuata.

Alimfuata nyuma kwa nyuma, akijibanza kwa wauza vocha, hadi Kimya akakunja kwenye lango lililochorwa twiga, bata na herufi kubwa za rangi. Shule ya chekechea! Keki akasimama, akashika kiuno. Mambo ya kufumaniana ameyasikia ya hotelini, ya kwenye magari, hata ya dukani nyuma ya magunia. Ya chekechea hakuwahi kuyasikia. Ndani mwanamke akacheka, kicheko cha raha. Keki akakaza khanga na kusukuma mlango.

"Karibu, mwanangu! Umechelewa, lakini hapa hatuchapi mtu. Pita, kaa pale nyuma."

Aliyesema hivyo alikuwa mwanamke mfupi, umri wa mama yake, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, mtandio kichwani, chaki mkononi. Matusi yote ambayo Keki alikuwa ameyapanga njiani yalikuwa ya msichana. Hakuwa na hata moja la mtu mzima.

"Shikamoo," likamtoka lenyewe.

"Marahaba. Mimi wananiita Bi Mfano. Kaa, kaa, tunaendelea."

Keki akakaa. Angefanya nini? Kiti kilikuwa cha mtoto wa miaka minne, magoti yakamfika karibu na kidevu. Mbele yake watu wazima walikuwa wamekunjamana kwenye viti vidogo vilevile: dereva wa lori mwenye mabega ya kubeba dunia, mama muuza mitumba, na wengine wachache. Na kule mbele kabisa, mgongo ambao angeutambua hata gizani. Kimya hakugeuka.

"Kwa faida ya mgeni," Bi Mfano akasema, "hapa tunajifunza Kiingereza kwa hadithi moja tu. Sentensi kwa sentensi. Hatukimbii, hakuna anayetufukuza. Na neno halipiti hapa mpaka mtu alitolee mfano. Si mfano wa kwenye kamusi, wa maisha yake mwenyewe. Na kinachosemwa hapa kinabaki kwenye viti hivi vidogo. Tumeelewana?"

Keki akaitikia kwa kichwa. Kumbe Kimya anasoma! Hasira ikamlegea kidogo, lakini haikuondoka. Sasa kusoma nako ni kitu cha kumficha mke?

Bi Mfano akainua kitabu ili asome. Hapo Keki akakitambua.

Kilikuwa kitabu chembamba cha watoto. Jaladani palikuwa na nungunungu ameshika taa, na pembeni ya taa doa la chai la mviringo, alama ya kikombe. Kikombe hicho kilikuwa cha Keki. Doa lilikuwa lake. Wakati wa ujauzito alikuwa anakisoma kitabu hicho kila jioni kwa sauti, kipande kidogo kidogo, kitabu kimeegemea tumbo, ili mtoto asikie. Alisoma mpaka kidato cha nne na Kiingereza kilikuwa somo lake, alitaka mwanawe akizoee mapema. Walifika katikati. Siku waliyorudi kutoka hospitali mikono mitupu, alikitupa jalalani na hakutaka kukiona tena.

"Tuko nyumbani kwa Kobe," Bi Mfano akasema. "Tangu ile dhoruba, Kobe hasemi na mtu. Sasa sikilizeni." Akasoma polepole, neno kwa neno: "'Everyone in the house walked on eggshells.'"

Keki sentensi hiyo hakuwahi kuifikia. Hadithi aliyoiua kwa mkono wake mwenyewe ilikuwa imeendelea bila yeye, imevuka pale walipoishia, inatembea.

Dereva wa lori akanyoosha mkono. "Mwalimu, maneno nimeyapata. Kila mtu mle ndani alitembea juu ya maganda ya mayai. Lakini hawa watu hawana fagio?"

Darasa likaangua kicheko.

"Taratibu," Bi Mfano akasema, naye anacheka. "Usilishike neno peke yake, shika na wenzake. Kobe ana hali gani?"

"Ana huzuni."

"Nani kamuuliza ana nini?"

"Hakuna. Wanamwogopa."

"Wanamwogopa, au wanaogopa kumuumiza?"

Dereva akakuna kichwa. "Wanaogopa kumuumiza."

"Sasa ukiwa na mtu wa namna hiyo ndani ya nyumba, unatembeaje?"

"Kwa kunyata," mama wa mitumba akadakia. "Kama chini pamemwagwa maganda, ukikanyaga tu, kelele! Jamani! Kumbe Kiingereza nacho kina macho! Hawa watu wamewahi kufika kwangu nini?"

"Ndiyo maana tunasoma polepole," Bi Mfano akasema. "Haya. Mfano, nani?"

Kisha mkono mmoja ukapanda kule mbele, wa mtu aliyezoea kuunyanyua pale.

"Mimi."

Keki akashika ukingo wa kiti.

"Sema, Fundi Lifti."

"Mimi naishi hivyo," Kimya akaanza. Sauti ilikuwa ileile, ya chini, lakini haikukatika. "Nikifika nyumbani navua viatu nje. Mlango naufunga kwa mikono miwili. Bawaba nimezipaka mafuta ya lifti, kwa sababu zilikuwa zikilia mke wangu anaamka, na akiamka anakumbuka, na akikumbuka analia. Mtoto wetu alizaliwa hakulia. Mke wangu akalia kwa niaba ya wote. Na mimi nikaogopa. Nikisema neno, nitavunja kitu. Nikicheka, nitavunja kitu. Basi nanyata. Nimenyata sana, mwalimu, mpaka nimesahau kutembea."

"Yeye anajua kwa nini unanyata?" Bi Mfano akauliza kwa upole.

"Hajui."

"Na habari za hiki kitabu, ulishamwambia?"

"Sijamwambia. Alikitupa. Mimi ndiye niliyekiokota, nikakifuta." Akakitazama kitabu mkononi mwa mwalimu. "Alikuwa anamsomea mtoto tumboni. Mimi nakaa mlangoni nasikiliza. Sielewi hata neno moja, darasa la saba ndiyo mwisho wangu. Lakini kwa sauti yake nilikuwa najua, hapa anaongea nungunungu, hapa anaongea kobe. Nilikuwa nafurahi, mwalimu, hata sijui nafurahia nini. Sasa walifika katikati. Nikasema, mtoto hawezi kukatiziwa hadithi hivyo. Baba yake nipo. Nitajifunza nimmalizie. Na nikishaweza, nimmalizie na mama yake."

Dereva wa lori akajifuta macho kwa kiganja, akasingizia vumbi la chaki.

Na Keki? Keki alikuwa ameduwaa. Mtu huyu anakula naye sahani moja, anamfulia mashati, anajua mpaka anavyokoroma, na kumbe hamjui. Yale maneno yote aliyokuwa anayasubiri kila jioni yalikuwa ndani ya mtu yuleyule, yamejaa tele, yanatafuta mlango. Yalikuja kuupata kwenye lugha ya watu, ndani ya chumba chenye picha za bata. Alijisikia mdogo, na alijisikia amependwa kuliko alivyowahi kudhani mtu anaweza kupendwa. Machozi yalikuwa yanamwagika na hakuyafuta.

"Mgeni wetu kule nyuma," Bi Mfano akaita. "Unalia tu, au nawe una mfano?"

Keki akasimama. Kiti nacho kikasimama, kimembana makalio. Mama wa mitumba akakivuta kumtoa, na hakuna aliyecheka.

"Nina mfano, mwalimu."

Kule mbele ule mgongo ukakauka. Kimya alijua sauti ile. Lakini hakugeuka.

"Mimi kazi yangu ni keki," Keki akasema. "Navunja mayai kutwa. Yai zima nalishika kwa adabu, maana likiponyoka limeponyoka. Lakini maganda? Maganda yamejaa chini kazini kwangu, nayakanyaga bila kuangalia. Yameshavunjika, mwalimu. Mtu akikanyaga ganda, anavunja nini tena?"

Bi Mfano alivua miwani. Keki hakuwa anamwangalia yeye.

"Mume wangu. Kilichovunjika kilivunjika siku ile, na si wewe uliyekivunja. Wewe unaogopa kuvunja nini? Kanyaga tu. Ingia na viatu vyako. Bamiza mlango. Niamke, nilie, lakini nijue ndani ya nyumba kuna mtu. Mimi nilidhani nimebaki peke yangu."

Kimya akageuka. Uso ulikuwa umelowa wote.

"Keki. Umefikaje hapa?"

"Nimekuja kukufumania."

Darasa zima likavuta pumzi.

"Kunifumania na nani?"

Keki akamtazama Bi Mfano, akainamisha uso. Bi Mfano akajielekeza chaki kifuani.

"Na mimi?"

"Nisamehe, mama. Niliona ujumbe kwenye simu."

"Nikusamehe nini? Tangu nistaafu sijawahi kusingiziwa kitu kitamu namna hii!"

Hapo hata Kimya alicheka, na Keki akagundua alikuwa amekisahau kicheko kile. Kimya akasimama, akapita katikati ya viti vidogo akivigonga kwa miguu, akafika mbele ya mkewe.

"Unaondoka?"

"Sanduku liko chini ya kitanda."

"Najua. Kila asubuhi nikifagia nalisogeza, halafu nalirudisha palepale."

"Unajua! Na hukusema neno?"

"Maganda," Kimya akasema.

Keki akampiga kofi dogo la bega, kisha akaliegemea bega hilohilo. Simu yake ikatetemeka mkononi. Dada.

"UMEMFUMANIA? Nije na nani?"

Akaandika: "Nimemfumania. Anasoma."

"ANASOMA NINI???"

"Hadithi ya mtoto wetu. Anajifunza Kiingereza ili ammalizie."

Dada mtu, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alikaa muda. Kisha ujumbe ukaja bila herufi kubwa: "mpe shemeji salamu zangu. na chumba kile nitaweka mahindi."

Bi Mfano alikifunga kitabu, akakifuta vumbi la chaki kwa mtandio wake, akampa Kimya.

"Zimebaki kurasa chache. Kazimalizieni nyumbani. Sisi tutakungoja, hakuna atakayetangulia hapa."

"Lakini mwalimu," dereva akalalamika, "tutajuaje Kobe alisemaje?"

"Utajua wiki ijayo, uje na mfano. Nyanyukeni, mtanivunjia viti vya watu."

Wakarudi nyumbani kwa miguu, wameshikana mikono kama wachumba, Keki akiuliza na Kimya akijibu. Halafu likatokea jambo: Keki akanyamaza, na Kimya akaendelea kuongea bila kuulizwa. Alisimulia jinsi alivyokuwa anafanya mazoezi ya kusoma juu ya paa la lifti, ghorofani, na tochi yake, wapangaji wakidhani lifti inasali. Keki alicheka mpaka akashika ukuta.

Mlangoni Kimya akainama kuvua viatu. Keki akamtazama. Kimya akaviacha miguuni. Akaingia navyo, kishindo kimoja, cha pili, akaubamiza mlango kwa kisigino. Jirani wa ghorofa ya chini akagonga dari yake.

"Samahani, jirani!" Kimya akapaza sauti. Wakatazamana, wakacheka tena.

Kisha wakakaa kitandani, pale ambapo Keki alizoea kukaa akimsomea mtoto, na safari hii ni yeye aliyesikiliza. Kimya akafungua kitabu. Alisoma kwa kukwama, kidole kikipita chini ya kila neno, akitokwa jasho kuliko siku ya kubadili kamba za lifti. Nungunungu alichukua taa yake, akavuka msitu mzima kwa kunyata kwenda kumtazama Kobe. Hakutaka kumwamsha. Alipofika kibandani akaizima hata taa. Hapo, gizani, Kobe akasema.

Kimya akasoma sentensi ya mwisho.

"'I heard you all the way.'"

Kimya akamgeukia.

"Nilikusikia njia nzima. Ndivyo?"

"Ndivyo. Lakini neno halipiti bila mfano."

"Mwisho wote huu na mfano?"

"Sheria ni sheria." Keki akaushika mkono wake. "Basi nitoe mimi. Kila jioni. Unavua viatu nje, unashika kitasa, unavuta pumzi kwanza ndipo unafungua. Mafuta yako ya lifti hayakusaidia kitu. Sikuwa nimelala hata siku moja. Nilikuwa nakusikia tangu kwenye ngazi, nangoja uongee."

Kimya akakifunga kitabu, akakiegemeza kwenye tumbo la mkewe, pale kilipokuwa kikikaa zamani. Kulikuwa na jina walilolichagua kabla, jina la mtoto wao wa kike, ambalo hakuna kati yao aliyekuwa amelitaja tangu hospitali. Kimya akalitaja. Akaliita kwa sauti kamili, kama baba anavyomwita mwanawe aliye chumba cha pili.

"Hadithi yako imeisha, mwanangu."

"Abee, baba," Keki akaitika kwa niaba yake.

Ndipo wakalia wote wawili, kwa sauti kubwa, na jirani wa chini safari hii hakugonga.